Rimu, springi na mwezi wa Februari: ukope au udundulize?

Tuseme una Toyota IST na unaishi Namtumbo. Asubuhi umekodiwa kwenda Songea, kilomita kama 70 za lami, umekwenda na kurudi bila wasiwasi. Mchana anatokea mama mwenye magunia mawili ya mbaazi anataka kufika Lusewa. Ukishakata pale Mtwara Pachani, lami kwaheri. Gari inaburuza tumbo, bomba la moshi linagonga jiwe, na wewe unakunja uso kila ukisikia "kwaa!" chini ya miguu yako.

Jioni unapita gereji, fundi anakuandikia hesabu kwenye kipande cha boksi. Springi na shokapu ngumu pamoja na spesa za kuinua gari, 700,000. Matairi manne ya kashata, 900,000. Halafu, si unajua gari ikishainuliwa inadai muonekano wake? Rimu 500,000, muziki 300,000. Jumla shilingi 2,400,000. (Bei hizi nimezipanga mimi ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Weka za fundi wako, njia ya kukokotoa haibadiliki.)

Huna hiyo pesa. Mtu mmoja pale kijiweni anakwambia kuna ofisi ya mikopo, peleka kadi ya gari tu, kesho unachukua hela. Mwingine, mtu mzima kidogo, anasema dunduliza. Wote wawili wana hoja. Bahati mbaya kila mmoja anaitoa kama imani, wakati hili ni swali la hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Tuipige.

Kwanza kuna wazo moja linalorahisisha kila kitu. Stuart Rutherford, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Bangladesh na kuanzisha SafeSave mjini Dhaka mwaka 1996, aliandika kitabu kidogo kiitwacho The Poor and Their Money. Hoja yake ni kwamba mtu wa kipato kidogo akitaka fungu kubwa la pesa, njia ni ile ile moja: kutoa kidogo kidogo mara nyingi. Kinachotofautiana ni fungu linafika lini. Ukiweka akiba, vidogo vinatangulia na fungu linafuata. Ukikopa, fungu linatangulia na vidogo vinafuata. Ukicheza mchezo, ule wa kupokezana kwa zamu, fungu linakukuta katikati. Yaani mkopo nao ni kudunduliza, ila kwa kurudi nyuma, na kuna mtu wa kumlipa kwa sababu alikutangulizia.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza kama mkopo ni mbaya au mzuri. Uliza: kutangulizwa kunanigharimu kiasi gani, na mimi huo utangulizi utaniingizia nini?

Asilimia 3.5 zilizo tofauti

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayowagawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, ambao ndio hao wa "leta kadi". La tatu ni SACCOS, la nne ni vikundi kama VICOBA. Kwa daraja la pili Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Wale wa "kausha damu" mnaowajua huko mtaani wanapita juu ya hapo kwa mbali, na sitawapigia hesabu kabisa, maana hakuna springi duniani inayolipa riba ya namna ile.

Sasa chukua 2,400,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Utalipa ngapi? Inategemea asilimia hiyo inakatwa kwenye nini.

Kama ni riba ya salio linalopungua, kila mwezi unatozwa kwa deni lililobaki tu. Rejesho linakuwa kama 248,000 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka ni kama 580,000. Kama ni riba ya flati, unatozwa kila mwezi kwa zile 2,400,000 za mwanzo, hata mwezi wa 11 ambapo deni lako la msingi limebaki 400,000. Hapo rejesho ni 284,000, na riba yote ni 1,008,000.

Ukibadilisha hiyo flati ya 3.5 iwe riba ya salio linalopungua, ili upime kitu kile kile, inakuwa karibu asilimia 5.9 kwa mwezi. Sababu si uchawi. Kwa wastani wa mwaka mzima, pesa yao uliyokaa nayo mkononi ni kama nusu tu ya ile uliyokopa, maana unairudisha kidogo kidogo, lakini riba unailipia yote. Kwa hiyo ukifika ofisini usiulize "riba asilimia ngapi?" na kunyamaza. Uliza "rejesho la mwezi ni shilingi ngapi, kwa miezi mingapi, na kuna ada gani za fomu na bima?" Zidisha, toa ulichokopa. Jibu hilo haliwezi kujificha.

Tuendelee na ile flati, maana ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi.

Ulichonunua ni miezi tisa

Kama una uwezo wa kutoa 284,000 kila mwezi kulipa deni, basi una uwezo wa kutoa 284,000 kila mwezi kuweka akiba. Hapo watu wengi hawataki kupatazama. Weka kiasi hicho hicho pembeni, na mwisho wa mwezi wa tisa una 2,556,000. Gari inafungwa vitu vyote, na unabaki na chenji ya 156,000. Mwenzako aliyekopa bado ana miezi mitatu ya kulipa. Ukiendelea kuweka kwa miezi hiyo mitatu, unafikisha 1,008,000, yaani riba yake yote iko mfukoni mwako.

Kumbe aliyekopa hakununua springi wala rimu kwa ile milioni moja na nane elfu. Alinunua miezi tisa ya kutosubiri. Gawanya: 112,000 kwa kila mwezi, kama 3,700 kwa siku. Hilo ndilo swali la kumuuliza kila kifaa kinachofungwa kwenye gari. Je, kikikaa kwenye gari kuanzia leo badala ya miezi tisa ijayo, kitaniletea 3,700 ya ziada kila siku, mafuta yakiwa yameshatolewa?

Springi zinaweza kujibu, ndiyo, angalau kwa sehemu yao. Safari za Mkongo, Ligera na Lusewa ulizokuwa unazikataa sasa unakwenda, na bomba la moshi huchomelei kila mwezi. Matairi ya kashata yanaweza kujibu wakati wa tope. Rimu hazijibu kitu. Sizichukii rimu, gari yenye rimu nzuri ikipita na mimi nageuka, lakini abiria wa Ligera halipi zaidi kwa sababu yake. Muziki ndio kabisa.

Kuna hoja moja ya wakopaji inayostahili jibu la heshima: "nikisubiri, bei zitapanda." Ni kweli zinapanda. Mfumuko wa bei Tanzania miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3 hadi 4 kwa mwaka. Tuchukue 4: kwa miezi tisa vifaa vyako vya 2,400,000 vinaongezeka kama 72,000. Vifaa vya gari vinatoka nje, shilingi ikiteleza vinaweza kupanda haraka kuliko unga. Haya, tuseme vimepanda asilimia 10 nzima. Ni 240,000. Bado ni chini ya robo ya riba.

Februari

Mpaka hapa nimekudanganya kidogo. Nimejifanya kama vile pesa ya Namtumbo inaingia sawa kila mwezi, kama mshahara. Wewe na mimi tunajua haiingii hivyo.

Mvua ni msimu mmoja, inaanza karibu na Desemba na kwenda hadi Aprili. Mahindi yanaanza kuvunwa kuelekea katikati ya mwaka, ufuta unaingia minadani, tumbaku inauzwa, mbaazi zinafuata. Kuanzia Juni hadi Septemba mji unachangamka: watu wanasafiri, wanajenga, wanaoa, wanakodi gari hata kwa safari ambazo Januari wangekwenda kwa miguu. Ikifika Februari, pesa imeshaingia shambani kwa mfumo wa mbolea na ada za shule, na wewe umepaki chini ya mwembe unasikiliza redio.

Tuiweke hiyo kwenye namba. Tuseme baada ya mafuta, matengenezo na kula, unabakiza 550,000 kila mwezi kuanzia Juni hadi Septemba. Oktoba, Novemba na Mei unabakiza 250,000. Desemba hadi Aprili, 90,000 kwa mwezi. Jumla ya mwaka ni 3,400,000, karibu sawasawa na jumla ya marejesho ya ule mkopo, 3,408,000. Ofisa mikopo akitazama jumla ya mwaka atasema unatosha kabisa.

Sasa watu hukopa lini kwa ajili ya gari? Mvua zikikaribia, ndipo springi zinapokumbukwa. Umechukua mkopo Novemba, rejesho la kwanza Desemba. Unabakiza 90,000, unadaiwa 284,000. Pengo ni 194,000, na linajirudia Januari, Februari, Machi, Aprili. Hadi mwisho wa Aprili limefika 970,000, hapo faini za kuchelewa hazijaguswa. Ili springi zizibe pengo hilo zinatakiwa zikuletee kama 6,500 ya ziada kila siku, kwenye miezi ile ile ambayo abiria hana hela. Kadi ya gari iko kwenye kabati la mtu mwingine. Wakija kuichukua gari, inaondoka na springi zake, matairi yake, rimu zake na muziki wake, na atakayeinunua kwenye mnada hatakurudishia hata nusu ya ulichoweka juu yake. Vitu vya kuongeza kwenye gari ndivyo vilivyo: thamani yake inakaa kwa aliyevipenda.

Mtazame mwenye kudunduliza mwenye kipato hicho hicho, shilingi kwa shilingi. Anaanza Juni. Mwisho wa Julai ana 1,100,000, anafunga springi na shokapu, anabakiwa na 400,000. Mwisho wa Septemba ana 1,500,000, ananunua matairi na rimu kwa pamoja (kama unabadilisha saizi ya rimu usivitenganishe, utanunua matairi mara mbili), anabakiwa na 100,000. Oktoba anaongeza 250,000, anafunga muziki. Miezi mitano, riba sifuri, na mvua inamkuta tayari. Ile miezi tisa ya hesabu ya kwanza imepungua yenyewe kwa kuanza kwenye mwezi sahihi tu.

Ndiyo maana naona ubishi wa kijiweni unapotea njia. Wanabishania riba, na riba ni kubwa kweli, lakini kinachomwangusha dereva wa Namtumbo ni kalenda. Mkopo wa rejesho la kila mwezi ulibuniwa kwa ajili ya mtu anayelipwa kila mwezi. Kwetu pesa inakuja kama mto wa msimu.

Kama ni rahisi hivyo, mbona watu hawawezi?

Kwa sababu 550,000 ya Julai haikai. Hapa wanasayansi wa uchumi wa tabia wana la kusema. Muulize mtu: 10,000 leo au 11,000 kesho? Wengi wanachukua ya leo. Muulize: 10,000 baada ya siku 30 au 11,000 baada ya siku 31? Anasubiri hiyo siku moja bila shida. Siku ni ile ile moja, ila "leo" ina uzito wa peke yake kichwani. David Laibson aliliandikia modeli maarufu mwaka 1997, na tangu hapo watafiti wamekuwa wakijaribu njia za kumsaidia mtu ajifunge mwenyewe mapema.

Huko Mindanao, Ufilipino, Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walishirikiana na benki moja kuwapa wateja akaunti ambayo huwezi kutoa pesa mpaka ufike tarehe au kiasi ulichojiwekea mwenyewe. Matokeo yalichapishwa 2006: baada ya mwaka, akiba za waliopewa nafasi hiyo zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 81 kuliko za wale ambao hawakupewa. Na ni kama robo tu yao waliokubali kufungua hiyo akaunti! Magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waligawa visanduku vya chuma vyenye kufuli na ufunguo, mtu akabaki na ufunguo wake mwenyewe, na bado akiba za afya zilipanda sana. Sehemu ya sababu ni kwamba pesa iliyoko kwenye sanduku lenye jina la kazi yake ni rahisi kumwambia shemeji "sina", na usijisikie mwongo.

Utafiti unaotugusa zaidi ulifanyika ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Lasse Brune na wenzake waliwafuata wakulima wa tumbaku wa Malawi, wakawafungulia akaunti ambamo malipo ya mavuno yaliingia moja kwa moja, wengine wakiwa na uwezo wa kufunga sehemu ya pesa hadi tarehe fulani. Msimu uliofuata waliopewa nafasi hiyo walitumia pembejeo zaidi na kuvuna zaidi. Ni wakulima kama wa hapa kwetu, wenye kalenda kama yetu.

Kwa hiyo mahali pa kuweka pesa ya springi pachague kwa ugumu wa kutoa, usihangaike sana na faida. Kwa yale 550,000 manne ya msimu, hata ukipata asilimia 10 kwa mwaka, hadi mwisho wa Oktoba ni kama 46,000 tu. Pesa iliyokaa kwenye simu inatoka kwa kubonyeza namba nne, na usiku wa Jumamosi vidole havina nidhamu. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, akaunti ya muda maalumu, kisanduku cha bati kwa mama yako, vyote ni afadhali. Wengine wanamlipa fundi kidogo kidogo. Hiyo nayo ni kufunga pesa, lakini umemkopesha fundi, na fundi naye ana Februari yake.

VICOBA zinahitaji sentensi zake. Mfumo huu ulizaliwa Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaingia kwetu na kuenea kuliko karibu kila kitu kingine cha fedha. Ukikopa ndani ya kikundi chako, sehemu ya riba inarudi kwako siku ya mgao, kwa hiyo bei halisi ni ndogo kuliko inayotajwa. Tatizo ni tarehe. Kikundi kinachogawana Desemba kinakupa fungu msimu umeshapita. Kama mpo wengi wenye pesa za mavuno, hakuna anayewakataza kuvunja mwaka mwezi Septemba.

Mkopo ambao ningeukubali

Upo. Ukope Mei, si Novemba. Ukope springi na shokapu tu, 700,000, kwa miezi minne. Kwa flati ya 3.5 rejesho ni 199,500 kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, na riba yote ni 98,000. Kila mwezi kati ya hiyo unabakiza 550,000, kwa hiyo hutetereki, na unachobaki nacho kinafika 1,402,000 mwisho wa Septemba, yaani matairi na rimu. Muziki utasubiri Novemba.

Ulichonunua hapo ni miezi miwili, Juni na Julai, ambayo ungesubiri kama ungedunduliza. Bei yake ni 49,000 kwa mwezi, kama 1,600 kwa siku, na ni miezi ya mizigo na safari za vijijini. Dereva mwenye kazi anaweza kuipata hiyo.

Ila kabla hujasaini, fanya hesabu ya kile ambacho hakipo kwenye kipande cha boksi. Springi ngumu haziongezi uzito ambao gari iliruhusiwa kubeba. Breki na ekseli ni zile zile. Gari iliyoinuliwa ina kitovu cha uzito kilicho juu zaidi, hivyo kona uliyoizoea kwa kasi fulani sasa ipunguzie. Gharama ya kupima alaimenti itakuja, na kama umebadili rangi au injini, TRA na bima wanatakiwa kujua. Na ukitoka tairi ya 185/65R15 kwenda 195/70R15, kipenyo kinatoka milimita 621 hivi hadi 654. Ni asilimia 5. Spidomita ikikwambia 80, wewe uko 84, na trafiki wa njia ya Songea anapima hiyo 84. Injini ile ile sasa inasukuma tairi kubwa na nzito zaidi, kwa hiyo itadai mafuta zaidi kila siku, hata siku ambayo hukupata abiria. Kwa hiyo siku utakayohamia kwenye tairi hizo, jaza tangi, andika kilomita, jaza tena baada ya siku chache ulinganishe na zamani. Tofauti utakayoipata ijumlishe na ile 1,600.